Utafiti wa baada ya uzamivu: ni kazi gani, na nafasi hupatikanaje?

Utafiti wa baada ya uzamivu ni kazi ya mkataba, mara nyingi wa mwaka mmoja hadi mitatu, anayopewa mtu mwenye PhD ili atafiti chini ya kiongozi wa maabara au mradi. Hakuna mitihani. Unalipwa mshahara au posho, na unatoka na makala zilizochapishwa pamoja na watu wa kukupendekeza. Ukidaiwa ada ili upewe nafasi, huo ni utapeli.

Nafasi ni za aina mbili, na wengi hukwama kwa kuzichanganya. Katika ya kwanza, pesa na mradi tayari viko. Profesa anatafuta mtu mwenye ujuzi fulani. Ombi lako lijibu tangazo hoja kwa hoja, na wazo lako jipya lisubiri. Hapa Nairobi, icipe (kituo cha utafiti wa wadudu) kule Kasarani na ILRI (taasisi ya utafiti wa mifugo) kule Uthiru hutangaza kwenye tovuti zao; kwa Ulaya, anzia EURAXESS, tovuti ya nafasi za watafiti.

Katika ya pili, wazo ni lako, taasisi inakupokea, mfadhili analipa. Mfano ni ufadhili wa Marie Skłodowska-Curie wa Umoja wa Ulaya, ule wa kufanyia utafiti Ulaya. Uraia wowote unakubalika, ila usiwe umeishi au kufanya kazi katika nchi unayoiendea kwa zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 kabla ya tarehe ya mwisho ya kuomba. Kwa hiyo Mkenya aliyesomea PhD Ujerumani akamaliza mwaka jana hawezi kuutumia kubaki Ujerumani, lakini Uholanzi anaweza kuomba.

Katika aina hii, barua ya kwanza kwa profesa ndiyo inayoamua mengi. Mwandikie miezi minne au mitano kabla ya dirisha la maombi kufungwa, kwa maneno yasiyozidi 200: makala yake gani umesoma, swali gani limebaki wazi, una ujuzi gani wa kulijibu, ufadhili gani unaoulenga na unafungwa lini. Ambatisha wasifu. Barua moja iliyotumwa kwa maprofesa arobaini hutambulika kwenye mstari wa kwanza, na haijibiwi.

Wabunifu (yaani "designers") wana ugumu wao: neno "ubunifu" mara nyingi halimo kwenye tangazo. Nafasi hujificha kwenye afya ya jamii, usanifu majengo, nishati ya kupikia au programu za simu, basi tafuta kwa tatizo unalolishughulikia. Kwenye mkusanyo wa kazi zako, onyesha, kwa mfano, jiko ulilobuni lilivyobadilika baada ya akina mama wa Kibera kulijaribu, na ueleze kwa nini ulibadilisha. Picha nzuri peke yake haithibitishi utafiti.

Kisha kuna cheti cha PhD. Kati ya kutetea tasnifu na mahafali miezi mingi inaweza kupita. Masahihisho yakishapitishwa tu, omba chuo barua rasmi kwamba umekamilisha masharti yote. Wafadhili kadhaa huikubali, lakini thibitisha kwenye mwongozo wa mwaka huo. Na wanaokupendekeza wape tangazo lenyewe na wasifu wako wiki tatu kabla, la sivyo utaandikiwa barua ya jumla inayomfaa mwanafunzi yeyote.