Kumodi gemu za zamani: dhana potofu na ukweli wake

Kila nikiweka mezani Game Boy yangu ya 1989 (gemu ya mkononi ya Nintendo), ile nene ya kijivu ambayo nimeimodi, yaani nimeifungua na kuibadilisha vifaa, naanza kusikia maneno yale yale. Ngoja niyajibu, mengine nimeyalipia kwa hela yangu.

DHANA: Ukiimodi inapanda bei, unauza unapiga hela.

Thubutu! Kioo cha IPS (kile cha kisasa chenye taa), kava jipya, vitufe, spika, jumlisha na gharama ya mzigo kufika huku, mara nyingi umeshapita bei ya mashine yenyewe na muda wako hujauhesabu. Halafu wale wanaokusanya vitu vya kale wanataka ya asili na mikwaruzo yake, sio hiyo yako ya zambarau inayong'aa. Na kioo kipya kinakula betri kuliko cha mwanzo, zile betri nne za rimoti utazinunua mpaka muuza duka akuulize una rimoti ngapi. Mi niliweka kwa sababu kile cha asili hakina taa, usiku huoni kitu, basi.

DHANA: Unaharibu historia.

Inategemea. Game Boy pamoja na Game Boy Color (ile ya rangi iliyofuata) ziliuzwa zaidi ya milioni 118, kwahiyo sio kwamba unaigusa ya mwisho duniani. Ila usikate kava zima la asili kwa msumeno wakati makava mapya yapo, na kioo ulichotoa kiweke kwenye kimfuko, usitupe.

DHANA: Kioo kikikosa mistari kimekufa, weka kipya tu.

Hapa ndo watu wanatupa mali. Yangu ilipoteza mistari minne ya wima, fundi mmoja akaniambia hiyo imekwisha. Kumbe ni utepe wa chini ya kioo ulikua umeachia. Unafungua (skrubu za nje zina mabawa matatu, ukilazimisha bisibisi ya kawaida unazila vichwa), unabandua kile kimpira cha chini, gemu ikiwa imewashwa unapitisha ncha ya soldaringi juu ya utepe polepole, unapita, unarudi, ghafla mstari mmoja unarudi, alafu wa pili. Ukikandamiza au moto ukizidi utepe unaungua na hapo ndo kweli kimekufa. Kama tatizo ni betri zilizovujia kwenye vyuma, siki kidogo kwenye pamba ya masikio, ukimaliza futa kwa spiriti, acha ikauke kabisa. Hela ya soda hiyo.

DHANA: PS2 (PlayStation 2) bila kuichipu, yaani kuisoldia chipu ndani, huifanyi kitu.

Ya zamani hiyo. Siku hizi memori kadi yenye FreeMcBoot (programu ya bure inayofungua PS2 iendeshe programu nyingine) inatosha kwenye nyingi, hufungui hata skrubu moja, isipokua zile slimu za mwishomwishoni ambazo zimezibwa. Ila usitegemee miujiza ukicheza gemu kutoka kwenye flashi, bandari zake ni USB 1.1, ile ya polepole, video zitakwamakwama. Mwenye ile nene aweke hadi diski ya ndani na adapta yake, ataona tofauti.

DHANA: Kama shida ni kucheza, kumodi ni kupoteza muda.

Hii ni kweli kabisa wala sibishi, emuleta (programu inayoiga mashine ya gemu) kwenye simu inakutosha. Kumodi ni ya anayefurahia kufungua vitu.

DHANA: Umeme ni umeme tu.

Ndugu akikutumia PS2 nene kutoka Marekani geuza usome nyuma kwanza, imeandikwa 120V na ukutani kwetu inatoka kama 230. Sio swala la kubadilisha kichwa cha waya, unahitaji transifoma ya kushusha. Mi sikusoma. Ikatoa "pa!" moja na harufu ya kuungua iliyokaa sebuleni siku mbili, mama akanifukuza na vitu vyangu, na lile boksi saizi ndo naweka bisibisi.