Kabla ya nusukaputi ya meno, niambieni mtoto kala nini

"Nusukaputi kwa meno tu, daktari?" Wazazi wengi huniuliza hivyo mimi ninayewatia watoto usingizi kwa dawa ili watibiwe, na wana haki ya kuuliza. Jino moja la mtoto mtulivu hutiwa ganzi na kazi ikaisha pale pale kitini. Lakini mtoto wa miaka mitatu mwenye meno kadhaa yaliyotoboka, shavu limevimba, usiku halali kwa maumivu, hawezi kukaa mdomo wazi saa nzima. Na kumshika kwa nguvu huku anapiga mayowe mimi sikubaliani nako. Maumivu ya meno yana sehemu kubwa katika kuzaliwa kwa fani yangu: William Morton, aliyeonesha hadharani matumizi ya etha, dawa ya usingizi ya kuvuta, mjini Boston mwaka 1846, alikuwa daktari wa meno.

Ninalowaomba ni ukweli kuhusu tumbo. Mtu aliye macho, chakula kikimpanda kooni hukohoa au hukimeza. Dawa ya usingizi huzima yote mawili, na chakula pamoja na asidi ya tumbo vinaweza kuingia mapafuni. Mtoto aliyekuja kwa meno akaishia kwenye chumba cha wagonjwa mahututi. Kwa hiyo chakula, na maziwa ya kopo au ya ng'ombe, yakome muda wa saa 6 kabla ya dawa ya usingizi. Maziwa ya mama, muda wa saa 4 kabla. Maji matupu, muda wa saa 2 kabla. Chai ya maziwa ihesabuni maziwa. Uji ni chakula hata ukiwa mwepesi vipi, na ubuyu aliopewa garini ili anyamaze nao ni chakula.

Mara nyingi habari yenyewe anayo bibi. "Kipande cha boflo tu, mwanangu, alikuwa analia njiani," mmoja alinambia mlangoni pa chumba cha operesheni, kwa sauti ya chini mama mtoto asisikie. Nilimshukuru, tukampangia mtoto siku nyengine. Sikumlaumu, na wala sitomlaumu mwengine atakayesema.

Wapo pia wanaoyageuza masharti haya kuwa saumu. Mtoto anatoka Nungwi, kaskazini mwa Unguja, alfajiri, tangu jana usiku hajagusa hata maji, anafika midomo imekauka na mshipa wa kutia sindano hauonekani. Hii si saumu jamani. Maji mpeni mpaka zibaki saa mbili.

Akiwa na mafua, kikohozi au homa, nambieni pia. Koo lenye mafua hubana upesi chini ya dawa, na mara nyingi tunaahirisha kwa wiki mbili au zaidi.

Mimi hupenda mtoto alale mapajani mwa mama, akivuta dawa kwa barakoa. Sindano hufuata akishalala. Macho yanaweza kugeuka na mkono ukaruka. Mama hushtuka, lakini hiyo ni kawaida. Mpira wa kupumulia tunaupitisha puani ili mdomo ubaki kwa daktari wa meno, na kooni tunaweka shashi ya kuzuia damu na maji, ambayo lazima tuihesabu na kuitoa kabla hajaamshwa. Muda wote huo siondoki kichwani pake.

Akiamka anaweza kulia na kumsukuma mama kama hamjui. Mara nyingi hupita ndani ya nusu saa. Mkumbatieni, msimkaripie. Akitulia apewe maji kidogo kidogo. Akiyahimili, uji wa vuguvugu.