Je, wajua kwa nini upepo wa Loiyangalani unapamba moto usiku, jua likishazama?

Loiyangalani ni kamji kadogo kusini mashariki mwa Ziwa Turkana, kaunti ya Marsabit. Ukienda unapita mawe meusi ya volkano masaa na masaa mpaka unachoka kuyaangalia, halafu ghafla unakuta mikoma imesimama na chemchemi ya maji matamu, ndio maana Wasamburu wakapaita mahali pa miti mingi. Mimi nilifika saa tisa mchana, joto la kuchoma nyayo na upepo wa kupepea tu, nikapiga hema peupe ili asubuhi niamke nikiona ziwa. Vigingi vinne, basi, manake ardhi yenyewe ni mawe. Mzee mmoja akapita, akasimama, akaliangalia lile hema kwa huruma akasema, "Mgeni, hiyo nyumba yako usiku itaenda kuvua samaki." Nikacheka. Kufika saa nne usiku nilikuwa nimelala chali mikono na miguu nimetandaza kama kigingi cha tano.

Na hapo gizani nilikuwa na jibu langu tayari, lile la jiografia ya shule: jangwa lina joto, hewa ya moto inapanda juu, hewa baridi inakuja kuziba pengo, huo ndio upepo. Nimewaelezea watu hivyo miaka kibao tena kwa kujiamini. Shida ni kwamba hesabu yake haifungi hata kidogo. Kama joto la jangwa ndilo linalovuta huo upepo, basi ungekuwa mkali alasiri ardhi ikiwa imeiva, kama ule upepo wa bahari ambao mtu wa Lamu au Mombasa anaujua, unaingia mchana na usiku unalegea. Loiyangalani ni kinyume kabisa, mchana ndio unapumua, usiku na alfajiri ndio unafanya fujo, yaani unapata nguvu saa ile ile ambayo nadharia yangu inasema ulale. Wengine wanasema ni hewa baridi inayoteremka kutoka Mlima Kulal, ule wa zaidi ya mita 2,200 ulio nyuma ya mji, na hiyo ina mantiki kwa sababu hewa ya mlimani usiku inapoa inakuwa nzito inaporomoka. Labda inaongezea chumvi kwa pale mjini. Lakini upepo wenyewe unavuma kwenye eneo refu la mamia ya kilomita, Kulal peke yake hauwezi hiyo kazi.

Jibu liko kwenye ramani. Kaskazini kuna milima ya Ethiopia, kusini kuna nyanda za juu za Kenya, katikati ni bonde tambarare kama kichochoro. Hewa inatoka Bahari ya Hindi, inaingia kutoka kusini mashariki na inabanwa humo. Ukiziba mdomo wa mpira wa maji nusu kwa kidole gumba, maji yanaruka mbali zaidi, si unajua? Ila mfano huo una tundu, kwa sababu hewa ikibanwa ubavuni si ingepanda tu juu ipite zake? Hapo ndipo mfuniko unapoingia. Juu ya hicho kichochoro mara nyingi kunakaa tabaka la hewa yenye joto kuliko iliyo chini yake, na hewa baridi iliyo nzito haipendi kupanda kupita hapo, kwa hiyo imebanwa kushoto, kulia na juu, njia ni mbele tu.

Sasa kwa nini usiku? Fikiria barabara ya lami yenye matuta. Mchana jua linachemsha ardhi, mabonge ya hewa yanapanda na kushuka kama maharage yanayotokota, na kila bonge linaloupiga mkondo ni tuta, mkondo unapunguza mwendo. Jua likizama ardhi inapoa haraka, kutokota kunaisha, matuta yameondolewa. Dereva anajua la kufanya.

Mwaka 1982 watafiti Kinuthia na Asnani ndio waliouandika huu mkondo kwenye jarida la kisayansi, sasa unaitwa jeti ya Turkana, na unavuma mwaka mzima, hata miezi ile ambayo huku pwani ni kaskazi. Mwaka 2021 puto za vipimo zilirushwa kutoka Marsabit kuucheki tena. Vipimo vya angani vya eneo hilo ni vichache, kwa hiyo kiasi gani ni kubanwa na kiasi gani ni tofauti ya joto kati ya milima na bonde bado kinajadiliwa, mfano wangu wa mpira uchukulie hivyo. Na kuna kituko kingine, unyevu wa bahari unapita hapo juu kama basi la ekspresi, hausimami, ndio moja ya sababu kuna jangwa kando ya ziwa kubwa namna ile.

Ukikata kusini utaona mitambo 365 ya umeme wa upepo pale Sarima, megawati 310, ilizinduliwa rasmi 2019, imepangwa pale pale kwenye njia ya huo mkondo. Barabara ya kutoka Laisamis ilitengenezwa kwa ajili yake, nawe utafaidi. Layeni na Komote ni vijiji vya Waelmolo, watu kama 1,100 kwa sensa ya 2019, na vibanda vyao vya asili vya mviringo vimeinama chini chini, sikuona kimoja kilichosimama wima kama hema langu. Kisiwa cha Kusini, humo ziwani, kiko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001 lakini mwenye boti wetu alikataa kutoka asubuhi, kwa sababu upepo unasukuma kuelekea ziwani, kwenda ni rahisi kurudi ndio kazi. Tukangoja mpaka saa saba mchana. Taulo langu halikungoja, lilitangulia usiku ule.