Dawa ya meno haifuti kila mkwaruzo

Ujumbe ule unazunguka tena kwenye magrupu: paka dawa ya meno, sugua, mkwaruzo wowote utatoweka, hata kwenye gari kuukuu la michezo. Si kweli.

Dawa ya meno ina chembe za kusugulia, hivyo hufifisha alama za juujuu tu. Pitisha ukucha: ukikwama, hiyo ni kazi ya fundi rangi. Kinachowachanganya watu ni ile dawa nyeupe inayojaa ndani ya mkwaruzo. Gari likioshwa, alama inarudi.

Wenye Datsun 240Z, gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1971 na 1973, wawe waangalifu zaidi. Magari mengi ya enzi hizo hayakupakwa tabaka angavu la kukinga rangi juu yake. Jaribu mahali palipojificha, kwenye ukingo wa ndani wa boneti juu ya injini, kwa kitambaa cheupe na polishi kidogo. Kitambaa kikishika rangi ya gari, ujue unakula rangi yenyewe. Nimeona kona ya mlango iliyosuguliwa hadi praima ya kijivu, yaani rangi ya msingi iliyo chini, ikachungulia, na inauma, kwa sababu rangi ya kiwandani hairudi.

Ukiupata ujumbe huo, tafadhali usiusambaze.