Rangi ya Bia Haipimi Ukali Wake

Mjini Tabora bado wapo wanaoamini kwamba bia nyeusi, hasa ile ya viwanda vidogo, lazima iwe na kilevi kingi kuliko bia ya rangi ya dhahabu inayozalishwa kwa wingi. Imani hiyo si sahihi, na ni hatari kwa mnywaji anayekadiria kiasi chake kwa macho. Weusi hutokana na shayiri iliyokaangwa sana kabla ya kupikwa, ambayo pia huleta uchungu unaokaribia ule wa kahawa, ilhali kilevi hutokana na sukari inayoliwa na hamira wakati pombe inapochachuka. Ndiyo maana Guinness ya pipa inayonywewa Ireland, nyeusi kabisa, ina asilimia 4.2 tu, lakini Duvel ya Ubelgiji, yenye rangi ya dhahabu, ina asilimia 8.5. Hata wanzuki, pombe ya asali inayofahamika vyema mkoani humo, huweza kuwa kali bila weusi wowote. Anayependa ladha nzito ana haki ya kuipenda. Kiasi cha kilevi, hata hivyo, akisome kwenye lebo ya chupa.