Oktani kubwa si nguvu kubwa

Wengi wanaoingia mbio za ridhaa za mstari mnyoofu huamini kuwa petroli ikiwa na oktani kubwa, ina nguvu zaidi. Basi wanajaza tangi ile ya bei ghali kuliko zote. Sivyo. Oktani hupima jinsi petroli inavyostahimili joto na mgandamizo bila kujiwakia yenyewe kabla ya wakati. Injini isiyo na turbo (feni inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini), yenye mgandamizo wa 9 kwa 1 na isiyogonga, yaani petroli haijiwakii mapema, kwa oktani 95, haipati lolote la maana kwa kupewa 110. Faida huja pale fundi anapoongeza mgandamizo au presha ya turbo, au anapowahisha cheche.

Kosa linaloumiza zaidi ni kudhani kwamba kila mafuta yanayouzwa kwa ajili ya mbio ni halali. Kanuni hutofautiana kwa kila daraja la mashindano. Mafuta mengine yana viambato vyenye oksijeni, kama methanoli, ambavyo kweli vinaweza kuongeza nguvu, na ndiyo maana baadhi ya madaraja huvikataza. Mkaguzi huchota mafuta kidogo na kuyatia kipimo cha umeme. Alkoholi husomeka juu sana kuliko petroli, hata ikiwa ni mabaki ya wiki iliyopita yaliyobaki kwenye mipira ya kupitishia mafuta. Ukibadili mafuta, mwaga yote ya zamani.

Na ukichagua mafuta yenye madini ya risasi, ujue yataua sensa ya oksijeni, ile inayopima oksijeni kwenye moshi wa injini.