Daftari la ratiba halizuii simu ya saa nne usiku

Nimealikwa tena kwenye semina ya wafanyakazi yenye mada ile ile ya kuoanisha kazi na maisha binafsi, na kwa mara nyingine aliyenitangulia kuzungumza alikuwa mhamasishaji aliyewaambia wauguzi waliotoka zamu ya usiku kwamba tatizo lao ni kutojua kupanga muda. Aliwashauri waamke saa kumi alfajiri, waandike malengo yao, wapunguze runinga, na waigawe siku mafungu matatu ya saa nane nane: kazi, familia na usingizi. Hakuna aliyemuuliza mtu ataamkaje saa kumi alfajiri ilhali saa hiyo yupo wodini anabadilisha dripu.

Kazi yangu ni kupanga rosta (ratiba ya zamu) na kusimamia likizo, na nimeifanya hospitalini na hotelini, yaani mahali ambapo mlango haufungwi usiku. Ninachokiona humo ni kinyume kabisa cha mahubiri hayo. Wengi wanaolemewa ni mafundi wa kupanga muda. Mama anayeingia zamu, mwenye mtoto wa chekechea, anayemlipa dada wa kazi, anayehudhuria kikoba kila Jumamosi na bado anakumbuka tarehe ya kliniki ya mama mkwe wake, hana la kujifunza kwa mhamasishaji. Pengine mhamasishaji ndiye angekaa kitako amsikilize. Anachokikosa mama huyo ni muda ambao ukishapangwa unabaki kuwa wake.

Hata hayo mafungu matatu ya saa nane yamepotoshwa. Robert Owen, mwenye viwanda aliyezaliwa Wales, alipoyatetea mwaka 1817, na mafundi waashi wa Melbourne walipogoma na kuipata siku ya saa nane mwaka 1856, jambo lililodaiwa lilikuwa mpaka kwa mwajiri. Mkataba wa kwanza kabisa wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1919, uliweka ukomo wa saa 8 kwa siku na 48 kwa wiki viwandani, na ukomo huo uliwafunga wenye viwanda. Leo dai lile lile limegeuzwa wasia anaosomewa mfanyakazi, na mwajiri hatajwi tena popote.

Kwa upande wetu Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka saa 45 za kawaida kwa wiki, zisizozidi 9 kwa siku, katika siku zisizozidi 6. Ovataimu ni kwa makubaliano, haizidi saa 50 katika wiki nne, na hulipwa mara moja na nusu ya ujira wa msingi. Haya ofisi nyingi zinayajua, walau kwenye karatasi, kwa hiyo siyarefushi. Nitaongeza tu kwamba foleni ya kutoka Mbagala haimo katika zile 45, na kwamba meneja anayesimamia wengine na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu hakingwi na vifungu hivi, jambo ambalo mameneja wengi hulifahamu siku wanapokuja kudai.

Kifungu kisichosomwa ni cha mapumziko. Sheria hiyo hiyo inataka mfanyakazi apate saa 12 mfululizo kati ya kumaliza kazi na kuianza tena, na saa 24 mfululizo kila wiki. Sasa chukua rosta ya kawaida ya wodi, ile inayobandikwa kwenye ubao karibu na chumba cha muuguzi mfawidhi, imepigwa mistari kwa rula, ina herufi za zamu na madoa meupe ya wino wa kufutia. Mtu ametoka zamu ya jioni saa tatu usiku, na kisanduku kinachofuata kinaonyesha zamu ya asubuhi, saa moja. Hizo ni saa kumi. Toa daladala ya kurudi, toa chakula, toa sare ya kufua, toa daladala ya kuja. Usingizi unabaki wa saa tano, pengine pungufu. Jumla ya saa zake za wiki iko sawasawa, hazijafika hata 45, na mkaguzi anayejumlisha saa bila kutazama mpangilio wake atapitisha karatasi hiyo bila neno. Kuna njia ya kuyapunguza mapumziko hayo hadi saa 8, lakini ni kwa makubaliano ya maandishi na kwa masharti yake, kwa mfano mfanyakazi anapoishi kwenye eneo la kazi. Idhini hiyo haitoki kwa metroni kwa kusema tu kwamba watu ni wachache.

Lakini hata mpangilio huo si kiini cha ugomvi wangu. Kiini ni rosta inayotoka Ijumaa jioni kwa ajili ya wiki inayoanza Jumatatu, kisha ikabadilishwa Jumapili. Wafanyakazi wawili wanaweza kufanya saa zile zile, kwa mshahara ule ule, katika jengo lile lile, mmoja akawa na maisha na mwingine asiwe nayo, kwa sababu wa kwanza anaijua rosta yake wiki tatu mbele, ilhali wa pili anasubiri ujumbe. Huyo wa pili hawezi kumwahidi mtoto kwamba atafika kwenye kikao cha wazazi. Hawezi kupokea kibarua, hawezi kujiandikisha masomo ya jioni, hawezi hata kumwambia dada wa kazi ni lini atapumzika, na hivyo dada wa kazi naye anabebeshwa rosta isiyojulikana bila kulipwa chochote. Nikiambiwa nichague kati ya kumpunguzia mtu saa tatu kwa wiki na kumhakikishia kwamba rosta yake haitaguswa, nitachagua la pili bila kusita, na ninadhani wafanyakazi wengi wangechagua hivyo hivyo.

Halafu kuna siku ya ofu. Ofu ambayo simu yako lazima iwe hewani, na saa nne usiku kundi la WhatsApp la idara linaleta ujumbe, «Dada, samahani kwa usumbufu, kesho naomba uingie asubuhi, mwenzako ana dharura», si ofu. Ni zamu ya kusubiri isiyolipwa. Msamaha ulioombwa mwanzoni haulipi nauli. Akifanya kazi katika siku yake ya mapumziko ya wiki, sheria inataka alipwe mara mbili ya ujira wa msingi, ila kwa desturi hulipwa kwa ahadi ya «nitakufidia», na ahadi hiyo haina safu kwenye rosta.

Ufaransa imeweka tangu Januari 2017 wajibu kwa kampuni zenye wafanyakazi kuanzia 50 kujadiliana nao kuhusu haki ya kujitenga na simu na barua pepe za kazini, na Kenya ulipelekwa mswada wa namna hiyo Seneti mwaka 2022. Wenzangu wengi wanashangilia. Mimi nina shaka, hasa kwa kazi za zamu. Mgonjwa hasubiri sheria ya simu, na mwuguzi mwenye moyo ataisoma meseji hata ukimkataza. Naona nafuu ipo katika kumteua mtu mmoja wa akiba kwa kila siku, jina lake liandikwe kwenye rosta, alipwe kwa kukaa tayari, ili wengine wote wazime simu zao bila hatia. Ni ghali, nakiri. Hata hivyo gharama hiyo inalipwa tayari, isipokuwa wanaoilipa ni watoto wa wafanyakazi.

Jambo jingine linalonichosha ni namna maisha binafsi yanavyosimuliwa katika semina hizi, kana kwamba sote tunatafuta nafasi ya kwenda mazoezini na kusoma vitabu. Maombi ninayopokea mezani ni ya msiba, mgonjwa, harusi na mahari. Sheria ya 2004, kama ilivyotungwa, inatoa siku 4 zenye malipo kwa ugonjwa au kifo cha mtoto, au kifo cha mwenzi, mzazi, babu au bibi, mjukuu, au ndugu wa tumbo moja, na siku hizo 4 ni za mzunguko wote wa miezi 36, hata ukifiwa mara tatu. Baba mdogo aliyekusomesha hamo. Mama mkubwa aliyekulea hamo. Ukitaka kwenda kumzika Bukoba ukitokea Dar es Salaam, utaomba siku zisizolipwa kwa hisani ya mwajiri au utakata kwenye likizo yako ya siku 28, ambazo nazo zinahesabu Jumapili na sikukuu zilizoangukia ndani. Mtu aliyemaliza likizo yake kwa misiba utamwambia apange muda vipi?

Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walikadiria mwaka 2021 kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki huongeza hatari ya kiharusi kwa asilimia 35 ukilinganisha na saa 35 hadi 40. Nukuu hiyo naitumia mara kwa mara mbele ya wakurugenzi, na hunyamaza. Hapo ndipo pia shaka yangu kubwa inapoanzia, kwa sababu saa zile 55 hazitoki kwa mwajiri mmoja tu. Muuguzi niliyempigania apate ofu mbili mfululizo huzitumia kwenye zahanati binafsi mtaani kwao, kwa kuwa mshahara hautoshi ada na kodi. Rosta yangu ni safi, mapumziko yake yameandikwa, na yeye anarudi Jumatatu amechoka kuliko alivyoondoka. Wako na wanaoomba wenyewe kupangiwa usiku mfululizo, kwa ajili ya ile asilimia 5 ya nyongeza kwa kila saa ya usiku na ili mchana wauze duka. Nikiwakatalia nawaibia kipato. Nikiwakubalia nasaini uchovu wao. Huwa nakubali kwa mwezi mmoja, kisha nawarudisha kwenye mzunguko wa kawaida, nao hununa, na sijapata hoja ya kuwaonyesha kwamba wanakosea. Hadi mshahara utakapoongezwa, ninachoweza kuwapa ni rosta ya wiki tatu mbele, isiyoguswa, ili kama ni kibarua wakipange, na kama ni usingizi walale.